Mnandi Mmoja Kwenye Kitambaa Cheupe

Arobaini ya Mama Sauda ilisomwa Bunda, nyumbani kwa binti yake, na mimi nilifika wakati sufuria za pilau zimeshafunuliwa. Mazishi sikuyawahi. Nilikuwa Mwanza na mtoto hospitalini, na Waislamu hawamsubirishi maiti, kwa hiyo simu iliponipata walikuwa wameshatoka makaburini. Ndiyo maana siku hiyo nilikaa mkekani na aibu yangu, nikila kwa adabu kuliko kawaida, mpaka Sauda akaja kuniinamia sikioni. "Usiondoke, dada Nyangeta. Mama amekuachia mzigo." Akanipeleka chumba cha ndani, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama mahindi ya jirani, akanipakatisha kitu kilichofungwa kwenye kanga iliyopauka. Sikukifungua. Nilikijua kwa wepesi wake. Vidole vyangu vilikutana na kitu hicho mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na vidole havisahau upesi kama kichwa. "Fungua basi," Sauda akasema. Nikamwambia angoje kidogo. Nilitaka kwanza nikae nacho magotini, nimkumbuke mama yake vizuri, na mwaka ule, na kitabu.

Mwaka ule nilikuwa nafanya usafi kwenye gesti moja ya Musoma, vyumba kumi na viwili na ndoo mbili. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa matokeo ambayo hakuna mtu angeyabandika ukutani. Lakini nilikuwa na furaha, sijui ilitokaga wapi. Nilikuwa napiga deki huku najiwazia mambo: kwamba siku moja nitakuwa na meza yangu, na taa yangu, na mtu atanigongea mlango akiuliza kama nina nafasi. Chumba namba saba alikaa wiki nzima mama mmoja wa Kimarekani, mwenye nywele nyeupe na magoti mabovu, aliyekuja kutazama ndege wa ziwani. Asubuhi alikula papai kwenye baraza huku darubini iko shingoni, na mbegu za papai alizipanga pembeni ya sahani moja moja kama mtu anayecheza bao peke yake. Alipoondoka alisahau kitabu chembamba chini ya mto. Nilimkimbilia nacho mpaka kwenye teksi. Akakipokea, akakitazama, akakirudisha mikononi mwangu na kunifunga vidole juu yake. Nadhani hata hakukisahau.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku ya pili yake tu nilikiegesha ukingoni mwa ndoo ili nisome huku natandika, kikatumbukia kwenye maji ya sabuni. Nilikianika kwenye kamba ya mashuka, kimebanwa kwa vibanio. Kilipokauka kilikuwa kimevimba kama andazi, na jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimebanduka zote. Jina la mwandishi lilikwenda na maji. Nilichobaki nacho ni maneno machache ya ukurasa wa mwisho, yaliyosema kwamba aliyeandika ni mwanamke, yu hai, anakaa mji mdogo wa Marekani kando ya mto, anafundisha, na nyuma ya nyumba yake kuna mipeasi, miti ya matunda. Basi. Miaka yote hii nimempenda mtu nisiyemjua jina. Kwa Mama Sauda tulimwita Mama wa Mipeasi, na tulimwongelea kama jirani aliyehamia mtaa wa pili.

Mama Sauda ndiye aliyenipangisha chumba. Nyumba yake ilikuwa njia ya kushukia Mwigobero, ambako mitumbwi inapakua samaki, na kibarazani kwake kulikuwa na kiti cha kamba, kapu la nyuzi, na duara la mbao la kukazia kitambaa. Alikuwa fundi wa kudarizi. Babu yake upande mmoja alitoka Kigoma, bibi upande mwingine Ukerewe, yeye mwenyewe alisema ametoka kwenye sindano. Alitengeneza vitambaa vya makochi, vile ambavyo mama wa bibi harusi anamfungia mwanaye aende navyo kwake: sita vya viti na kimoja kikubwa cha meza ya kati. Maua ya waridi, tausi wawili wanaotazamana, na maneno kama "Karibu Mgeni". Na kulikuwa na sheria moja ya kazi ile ambayo Musoma nzima iliijua: kitambaa kijae. Mteja akifungua akaona mahali peupe, atadhani umemwibia uzi. Mama Sauda alikuwa fundi kwa miaka ishirini na hakuwahi kurudishiwa kitambaa hata kimoja, na alikuwa analisema hilo jinsi wengine wanavyotaja kuwa wamehiji.

Mume wake, Baba Sauda, alikuwa amevuka kwenda kuvua Rukuba kwa msimu mmoja, na msimu ule ulikuwa umefikisha miaka minne. Kisiwa chenyewe si mbali, mitumbwi ya Mwigobero inakwenda na kurudi. Watu walisema ana nyumba nyingine huko. Sauda alikuwa shule ya bweni Bunda, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, lakini kila jioni alipakua ugali wa muhogo wa watu watatu na samaki watatu. Ile sehemu ya tatu tuliila asubuhi na chai ya tangawizi, kimya kimya, kama watu wanaoficha ushahidi.

Jioni nikitoka gesti nilikaa kwenye ngazi na kamusi ya shule, naye anashona. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unasoma nini unakunja uso hivyo, barua ya mahakama?" Nikamwambia ni mashairi ya Kizungu. "Yanaimbwaje?" Hayaimbwi, nikasema, wala hayana vina. Akacheka mpaka akajichoma. "Hayana vina! Sasa huyo anakula kwa kazi gani?" Nikamsomea moja kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Linahusu mlinzi wa jumba la picha, mzee aliyesimama miaka mingi mbele ya picha ya mto. Anaujua mto ule, kila jiwe, kila mwanga juu ya maji. Siku anayostaafu anarudi nyumbani, anakaa nyuma ya nyumba yake, na anaona kwamba hapo nyuma kuna mto. Ulikuwepo siku zote. Mama Sauda aliacha sindano hewani. "Hakuwahi kuuona?" "Hakuwahi, mama." Akasema, "Hebu niambie. Wewe ziwa hili uliliangalia lini mara ya mwisho? Si kulipita. Kuliangalia."

Kesho yake tulikwenda kuliangalia. Watu wazima wawili, tumekaa kwenye mawe makubwa jioni, hatufui, hatununui samaki. Wapita njia walituuliza kama kuna mtu amezama. Na hapo ndipo tulipowaona minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi, wamesimama juu ya mawe na mabawa wameyatandaza yakauke, kama wateja wanaopimwa makoti. Nimekulia mkoa huu huu. Ndege wale nilikuwa nawajua kama wezi wa samaki kwenye nyavu, ndiyo sifa yao. Siku ile nikaona kwamba shingo ya mnandi, jua likiipiga, si nyeusi. Ina kijani ndani. Mama Sauda akasema polepole, "Uzi wa namna hiyo ninao."

Mimi sikusoma sana, kwa hiyo siwezi kueleza kitabu kile kama mwalimu. Naweza kusema tu kilivyonifanya. Mama wa Mipeasi hana haraka. Hasemi maua, anasema ua moja, tena lile lililotobolewa na mdudu, na anataka uangalie tundu kwanza. Anazungumza na wachoraji waliokufa kama anawaletea chai. Kuna shairi la bakuli lenye ufa, la mchoraji aliyekazana na bwawa moja asubuhi mpaka jioni, la mtoto anayefundishwa na mama yake kuchora jani, na mama anamwambia asichore jani, achore hewa inayolizunguka. Mengine yalinishinda, yamejaa majina ya wachoraji ya Kifaransa ambayo kamusi yangu haikuyajua. Hayo niliyaruka bila aibu. Lakini hata yaliyonishinda yaliniacha nikitembea taratibu zaidi. Nilianza kutandika vitanda nikiangalia jinsi shuka linavyojaa upepo kabla halijatua. Hakuna aliyenilipa kwa kuangalia, na hakuna aliyenikataza.

Shairi lililotuponza lilikuwa la kunguru kwenye theluji. Anaeleza picha ya mchoraji wa zamani: karatasi karibu yote nyeupe, na pembeni kunguru mmoja wa wino. Anasema mchoraji yule kazi yake kubwa ni ile nyeupe, kwamba alichokiacha ndicho alichokichora. Neno theluji nililijua, lakini Mama Sauda theluji angeifanyia nini? Nikamwambia ni uwanja wa dagaa walioanikwa asubuhi, kabla hawajakauka, wanavyong'aa mpaka macho yanauma. Akaelewa papo hapo. Na kunguru nikamgeuza mnandi. Kisha shairi linaendelea: mshairi anarudi kwake, anakuta shamba lake ni jeupe vilevile, na ndege mmoja yupo. Anakimbilia penseli. Kabla penseli haijagusa karatasi, ndege anaruka, anaondoka.

"Halafu?" Mama Sauda aliuliza. Hakuwa anashona. Sahani ya tatu ilikuwa tayari mezani nyuma yake, imefunikwa kawa. "Akarudi?"

Kitabu hakisemi hivyo. Lakini nilimtazama usoni nikasema, "Akarudi, mama. Akasimama akatandaza mabawa, akatulia mpaka picha ikaisha."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, na akapakua ugali wetu.

Mwezi uliofuata Mama Wambura wa Butiama aliagiza seti nzima kwa ajili ya sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Aliagiza vizuri, akihesabu kwa vidole: waridi kwenye sita, tausi kwenye kile kikubwa. Vile sita vikashonwa kama sheria inavyotaka. Kikubwa Mama Sauda alikiweka kwenye duara la mbao akakaa nacho siku mbili bila kukitia sindano. Siku ya tatu nilirudi kutoka gesti nikamkuta ameanza, na hakuwa anaanza tausi. Kwenye ukingo wa chini alitia mistari ya uzi wa kijivu unaong'aa, myembamba kama dagaa. Kwenye pembe moja mnandi, mabawa wazi, mweusi mwenye kijani shingoni. Na kilichobaki chote kilikuwa cheupe. Niliogopa. "Mama, na sheria?" Akasema, "Huyu binti anakwenda kuanza nyumba. Nyumba haihitaji mahali peupe?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani neno zuri kama hilo litafika Butiama likiwa zuri vilevile.

Tulivipeleka Jumanne. Sebule ya Mama Wambura ilikuwa imejaa wanawake wanaochambua mchele, na tulipokelewa kwa maziwa ya mgando na viazi, tukakaribishwa mpaka tukaona aibu. Vitambaa vya viti vilipokewa kwa vigelegele. Halafu akafungua kile kikubwa, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha upande wa kwanza.

"Fundi," akasema, "uzi ulikuishia njiani?"

"Labda huyo ndege amekula maua," mmoja akasema, na mchele ukamwagika kwa kicheko.

"Si mnandi huyu? Mama Wambura, unamfungia mwanao mwizi wa samaki!"

"Mweusi, tena siku ya sendofu. Wakwe watasema tumemtumia salamu za msiba."

Mama Wambura hakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Sauda, nilikutuma tausi. Watu wote hapa nimewasifia kazi yako. Sasa niwaambie nini?" Miaka ishirini yake ilikuwa pale mezani, imelala kama kitambaa kile. Akasimama, akakikunja mara nne. "Umesema kweli, mama. Ulinituma tausi. Jumamosi kabla ya adhuhuri utakuwa nao." Wakati tunatoka, wanawake wa jikoni walikuwa wanaongea Kizanaki, ambacho ndicho cha kwetu: kwamba fundi alikuwa mzima, ni yule binti wa gesti anayemharibu na kitabu chake cha Kizungu. Tukiwa barabarani Mama Sauda akaniuliza, "Wamesema nini wale?"

"Wamesifu waridi, mama."

Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Wewe mtoto unatafsirigi vizuri sana."

Siku tatu zile sikulala vizuri kwa aibu, ingawa yeye alilala. Niliomba ruhusa gesti nikawa namtungia uzi kwenye sindano, nyekundu, kijani, buluu, kila rangi iliyokuwa kapuni, maana tausi wa Musoma hachagui. Alhamisi mvua ilinyesha tukahamia ndani, kati ya kitanda na kabati. Alishona bila kuinua kichwa, na nilijua kwamba akichelewa, au mkono ukiteleza, habari ingeshuka kutoka Butiama mpaka Mwigobero kabla ya mtumbwi wa asubuhi, na hakuna mama angemletea tena harusi ya mwanaye. Yote kwa sababu ya shairi. Hapana, kwa sababu ya mimi. Ndege yule alishonwa kwa sababu nilisema alirudi.

"Nisomee lile la mnandi," akasema ghafla.

Nikalifungua. Nilisoma mpaka pale ndege anaporuka, nikashusha kitabu. "Mama, haliishii vile. Nilikudanganya. Hakurudi."

Sindano ilipita juu, ikapita chini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Ulipofika kwenye kurudi, uliacha kuangalia kitabu ukaniangalia mimi." Akavuta uzi. "Na Jumanne nako uliangalia barabara."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa naitaka hiyo ya kurudi." Akasema hivyo tu, kama mtu anayezungumzia chumvi. "Tena usilie juu ya tausi, atachuja rangi. Mnandi nilimshona mimi, mkono wangu. Wewe ulisoma tu. Haya, sasa soma linavyoishia kweli."

Nikasoma. Ndege ameondoka. Mshairi anabaki na penseli na shamba jeupe. Anakaa, na anachora pale alipokuwa ndege. Basi, limeisha. Mvua ilikuwa inapiga bati na tausi wawili walikuwa wanatazamana magotini mwake. Mama Sauda alikata uzi kwa meno. "Huyo mama yako wa Marekani," akasema, "anaijua kazi." Lakini jioni ile alipakua ugali wa watu watatu kama kawaida.

Jumamosi tausi walifika Butiama saa nne asubuhi, wamejaa mpaka kwenye pindo, hakuna hata mahali pa kuweka kidole. Mama Wambura alimkumbatia mbele ya watu wote, akamkalisha mezani na wazazi. Jina lake likapona. Kile cha mnandi kilikwenda chini ya sanduku na hakikutajwa tena. Mwaka uliofuata niliondoka Musoma, nikapata maisha mengine, nikaolewa, nikapata meza niliyoiota, ingawa taa bado inasumbua. Nilimpigia simu sikukuu zote, zake na zangu. Aliniuliza kila mara, "Mama wa Mipeasi hajambo?" Nikamjibu hajambo, ameweka peasi kwenye bakuli lenye ufa.

Nilipofika hapo kwenye kukumbuka, Sauda alichoka kungoja, akaifungua kanga mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Dagaa walikuwepo kwenye ukingo, wa kijivu, bado wanang'aa. Nikatafuta pembe. Hapakuwa na ndege.

"Alimfumua mwenyewe," Sauda akasema. "Baba alipofariki Rukuba, watu wa mtumbwi walileta habari asubuhi. Mama akapokea mkono wa pole, akatoa hiki sandukuni, akakaa nacho kibarazani siku mbili na miwani yake. Uzi mmoja mmoja. Jioni ya pili akapakua ugali wa sisi wawili. Akaniambia, siku nikiondoka hiki mpe Nyangeta. Mwambie na mimi nimesoma mpaka mwisho."

Niliinuka nikakipeleka dirishani ili nifiche uso, nikakiinua, na jua la Bunda likapita katikati yake. Hapo ndipo nilipomwona. Sindano ilikuwa imeacha matundu yake yote, mamia, madogo kama ncha ya kalamu, na kwenye kila tundu kulikuwa na nukta ya mwanga: shingo, kichwa, mabawa mawili wazi.

"Nimekifua mara mbili nikidhani yataziba," Sauda akasema nyuma yangu. "Hayazibi. Dada, hii habari ya ndege ni habari gani? Mama hakunielezaga."

Kitabu chenyewe kilikuwa Mwanza, kimevimba vilevile, lakini shairi lile nalijua kwa moyo. Tukakaa kitandani, kitambaa magotini mwetu, nusu kwake nusu kwangu. Nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu, mpaka pale alipokuwa ndege, na sikubadilisha kitu. Isipokuwa mnandi na dagaa. Hao niliwaacha wabaki.